Goti si Bomba

3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa jambo moja ambalo nitalifikia, na usianze kuruka mistari kulitafuta maana nakujua. Mama hajambo? Na masikio yako je? Juzi nilipiga simu ukapokea wewe. Nikakuamkia mara tatu nzima, ukanijibu, "Hatuuzi," ukakata. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kazi ya udobi nimeshaizoea. Chumba chetu cha kufulia kiko chini kabisa ya hoteli, hakina dirisha hata moja, na mashine zikianza kuzunguka unaongea kwa mikono. Wewe ungefurahi humo, tungekuwa sawasawa wote. Shuka mbichi tunazipakia kwenye toroli, tunazisukuma mpaka kwenye ngazi, kisha tunazibeba kwa mafungu hadi juu kwenye pasi, kwa sababu lifti ni ya wageni. Msimamizi wetu tunamwita Mama Filimbi. Hagombi. Anapuliza.

Sasa lile jambo. Wiki iliyopita sakafu ilikuwa na povu la sabuni. Nilikuwa nasukuma toroli, mguu wa kulia ukaenda kwake na mimi nikaenda kwangu. Goti likalia "ko", nikalisikia juu ya mashine zote zile. Limevimba, na nikishuka ngazi linayumba kama mlango ulioachia bawaba. Nimemwambia mtu mmoja tu, Chiriku, mwenzangu wa pasi, ambaye ameapa kunyamaza, na kwake yeye kunyamaza ni mateso.

Siwezi kusema kwa wakubwa. Muda wangu wa majaribio unaisha mwisho wa mwezi huu, ndipo watachagua wa kubaki. Kuna kijana aliyesema mgongo unamuuma, akaambiwa akapumzike nyumbani, na mpaka leo anapumzika.

Nakumbuka ulivyosema siku naondoka: "Utarudi kabla mvua hazijakatika." Baba, sitaki kurudi nikichechemea ili mtaa mzima useme Fundi alisema. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Miaka yote umetambaa chini ya masinki ya watu, umefunga magoti yako asubuhi na kuyafungua jioni. Unafungaje? Nataka kitu cha kunishikilia hadi mwisho wa mwezi. Nikishapata kazi ya kudumu nitakwenda hospitali mwenyewe, nikiwa nimenyoosha shingo.

Msalimie mama, lakini habari ya goti mpe kwa kipimo.

Mwanao,
Spana

---

8 Machi

Spana wangu,

Marahaba, mwanangu. Sisi huku wazima. Mama yako mzima zaidi, hata kelele zimeongezeka, ingawa zinazonifikia ni nusu. Hiyo ya "hatuuzi" unisamehe, nilidhani ni yule bwana wa vyuma chakavu.

Habari ya goti nilijaribu kuipima kama ulivyoniagiza, lakini mama yako alinipokonya barua akaisoma yote. Anasema uende hospitali leo, usingoje kesho. Anasema goti si bomba. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba magoti haya mawili ndiyo yaliyonunua kitanda anacholalia, na sijawahi kuyapeleka kwa daktari. Basi amenuna.

Kifurushi nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Ndani kuna plasta pana, bandeji ya kuvutika, na utepe wa tyubu ya baiskeli niliokukatia mimi mwenyewe. Sasa sikiliza, na ufanye kwa utaratibu.

Kaa kwenye kiti, kunja goti kidogo tu. Kata plasta mbili. Ya kwanza ianzie upande wa nje wa ugoko ipande kuelekea ndani ya paja, ya pili ianzie ndani ipande kuelekea nje, zikutane chini ya pia ya goti. Pia yenyewe usiifunike. Halafu zungusha bandeji, toka chini kwenda juu. Watu wa hospitali huishia hapo, ndiyo maana wagonjwa wao wanarudi kila siku. Sisi mafundi tunaongeza tyubu. Anzia chini kidogo ya goti, vuta mpaka tyubu ibadilike rangi, ndipo uzungushe, kila mzunguko ulalie nusu ya mwenzake. Mwisho wake uchomeke chini ya mzunguko wa mwisho.

Unalikumbuka lile bomba la nyuma ya shule, lililokuwa linarusha maji hadi madirishani? Ulikuwa umeshika tochi. Tulilifunga kwa tyubu hivyo hivyo, na mpaka leo halijatoa tone. Bomba likivuja huliongezei huruma, unaliongezea mzunguko.

Na lile neno nililosema siku unaondoka. Nilikuwa na hasira. Siku hiyo nilibeba begi la vifaa peke yangu, na nikajua kuanzia hapo nitalibeba peke yangu. Sikuwa na maana nyingine. Uking'ang'ania hiyo kazi na ukaipata, mimi ndiye nitakayetangulia kuwatangazia mtaa.

Baba yako

---

14 Machi

Baba,

Shikamoo, na mama shikamoo yake. Natumaini ameacha kununa. Mwambie kwa niaba yangu nimesikia.

Kifurushi kimefika, na Baba, tyubu yako ina maajabu! Siku ya kwanza niliyofunga nilipanda ngazi na fungu la shuka kichwani kana kwamba goti ni la mtu mwingine. Mama Filimbi alisimama pale juu, akanitazama kutoka unyayo hadi utosi, akasema, "Wewe huchoki?" Kwa yule mama hiyo ni tuzo. Chiriku hunikinga kwa vitambaa vya meza vilivyoanikwa wakati najifunga, huku anaimba ili watu wadhani anafanya kazi.

Ila kuna kitu nataka kukuuliza. Ikifika mchana mguu unakufa ganzi. Ganzi inaanzia hapo nje chini ya goti, inashuka mpaka juu ya wayo. Vidole vinakuwa vya baridi, na humo ndani tulimo ni joto la tanuri. Nikifungua jioni nakuta mifereji kwenye ngozi, Chiriku anasema nimekanyagwa na baiskeli kweli. Jana nilipokuwa navaa kandambili kidole gumba kilikuwa kizito kuinuka. Nikakiambia inuka, kikakawia, kama mtoto anayetumwa dukani.

Je, nilegeze? Nikilegeza goti linacheza, nimejaribu. Na siku zilizobaki si nyingi. Chiriku anasema nivue kabisa. Lakini Chiriku pia anasema maji ya moto yanatibu kila kitu, hadi mapenzi.

Niambie wewe. Utakavyosema ndivyo nitakavyofanya. Sijawahi kukuona ukiitwa kurudia kazi uliyoimaliza.

Mwanao,
Spana

---

18 Machi

Spana,

Marahaba. Barua hii naiandikia kazini, nimekalia ndoo, ndiyo maana safari hii haina salamu wala kelele za mama yako. Kuna jengo jipya hapa, mabomba yote yamewekwa na mtu aliyekuwa anaota.

Usilegeze. Ganzi ni dalili kwamba utepe umeshika. Mimi miaka yote hii nakufa ganzi mpaka vidoleni, jioni nafungua, napaka mafuta, nasugua, naamka mzima. Ukilegeza sasa goti litahama, na kazi yote uliyofanya itakwenda na maji. Umekula ng'ombe mzima, usishindwe mkia.

Kama linacheza, ongeza mzunguko mmoja.

Najivunia, mwanangu. Hilo sikuliandika vizuri kule nyuma, kwa hiyo naliandika hapa. Kondakta anapiga honi.

Baba yako

---

28 Machi

Mwanangu Spana,

Hujambo? Nauliza na nangoja jibu, maana kimya chako kimekuwa kirefu. Kondakta nimemuuliza kila basi linapofika, mpaka sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Mama yako alipiga simu yako, anasema haiiti. Labda chaji. Labda mko na wageni wengi. Najipa sababu, moja baada ya nyingine, na hakuna inayokaa.

Juzi tulipokuwa tunakula mama yako aliniuliza ulisema nini katika barua ile niliyoijibia kazini. Nikamwambia: ganzi, baridi, kidole gumba. Akaniuliza, "Na wewe ukamwambiaje?" Nikamwambia. Aliweka kijiko chini. Tangu hapo ananipa chakula bila neno, na mimi niliyekuwa nalalamika kelele sasa nazitamani.

Jana nilikwenda kwenye zahanati ya huku kwetu, nikajidai nauliza kwa ajili ya rafiki. Muuguzi ni mama wa makamo, hana haraka. Akaniambia nipandishe suruali. Alipoona tyubu hakucheka. Aliniambia niifungue, akanibonyeza ukucha wa kidole gumba ukawa mweupe, akauachia, tukasubiri wote wawili damu irudi. Ilikawia. Kisha akaweka kidole chake upande wa nje, chini kidogo ya goti, penye kifupa. Akasema hapo hapo pamepita mshipa wa fahamu, unaoinua wayo, na uko juu juu tu, chini ya ngozi. Akasema hapo ndipo mahali pa mwisho duniani pa kufunga kitu na kukivuta.

Ndipo nilipokuambia uanzie.

FUNGUA. Ukisoma mstari huu fungua, usimalize barua kwanza. Fungua yote, plasta na bandeji na tyubu, ukae chini, umwambie huyo Mama Filimbi, uende hospitali. Kazi iende. Mtaa useme.

Nijibu hata neno moja.

Baba yako

---

9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi naendelea. Natumaini nanyi hamjambo.

Barua yako ya tarehe 28 nimeipata. Aliniletea Chiriku huku wodini. Nilipofika kwenye ule mstari nilitazama mguu wangu, na ulikuwa umeshafunguliwa siku nne kabla hujauandika.

Niliongeza mzunguko mmoja, kama ulivyosema. Siku mbili tatu nilitembea vizuri. Kisha siku ile, asubuhi tu, nilikuwa napanda ngazi na fungu la shuka. Nikainua mguu, na mguu ukainuka, lakini wayo haukuinuka nao. Ulining'inia. Ncha ya kiatu ikakwama kwenye kidato, nikaanguka kifudifudi na shuka zote, zikatandikika mpaka kule juu wanakopita wageni. Walizivuka kwa adabu. Mama Filimbi alishuka ngazi, nikadhani sasa atapuliza. Alipiga magoti kwenye maji, akanipandisha suruali mwenyewe. Filimbi ilikuwa inaning'inia shingoni mwake, na hakuigusa.

Hapa hospitali walishindwa kuizungusha tyubu kuitoa. Waliikata kwa mkasi. Daktari aliinyanyua ile tyubu kwa vidole viwili, akauliza, "Nani alikufunga hivi?" Nikasema nilijifunga mwenyewe. Si uongo, mikono ilikuwa yangu.

Kano ya goti imechanika nusu. Hiyo wanasema itaunga. Kumbe ndiyo ilikuwa shida ndogo, ilihitaji mapumziko na bandeji iliyofungwa kwa kiasi, basi. Ule mshipa ndio hawajui. Wayo bado unaning'inia. Unaweza kurudi, unaweza kurudi nusu, na nikiwauliza lini wanatazama dirishani. Nilimkataza Chiriku asiwapigie, na simu nikaizima, kwa sababu sikutaka kusikia sauti ya mama ikilia, na wewe sikujua nikuambie nini.

Kazi wameshawapa wengine. Mama Filimbi alikuja kuniambia, hakutuma mtu. Alikaa hapa kitandani. Akasema kama ningemwambia wiki ile ya kwanza, angeniweka kwenye meza ya kukunja taulo. Akasema pale kuna kigoda.

Kulikuwa na kigoda, Baba.

Nimekukasirikia. Naliandika wazi ili usilitafute katikati ya mistari. Mama alisema. Chiriku alisema. Mguu wangu mwenyewe ulisema, kila mchana, na mimi nikauambia unyamaze kwa sababu wewe hujawahi kukosea. Nilikuuliza kuhusu mguu, ukanijibu kuhusu bomba la shule. Na ninajikasirikia mimi pia, kwa kuwa nilikuwa na umri wa kutosha kujua tofauti.

Usiniandikie kuniomba radhi kwa methali.

Binti yako

---

13 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mama yako ndiye atakayekupa karatasi hii kwa mkono wake. Atakaa nawe hadi mtakapochoka kuangaliana. Ana nguo zako na mto wako.

Nilikosea. Nilikuwa sijui, na nilijibu kama ninayejua. Ulinipa dalili zote, nikazisoma, na nikakuambia uongeze. Nasikitika mpaka sijui nikae wapi nyumbani humu. Methali nimeziacha kama ulivyotaka.

Nilikwenda na mama yako hadi kituo cha basi nikiwa na begi langu. Nilipanda. Nikakaa. Kisha nikawaza kwamba labda uso wangu ndio kitu cha mwisho unachotaka kukiona kutoka kitandani, na hujaniita. Nikashuka. Mama yako alisema jambo dirishani, sikulisikia, na safari hii naona ni bora.

Tyubu nimeivua. Magoti yangu yanauma sana bila hiyo, kumbe yalikuwa yanauma siku zote. Natembea polepole na wateja wanangoja. Wengine wamehamia kwa fundi mwingine, wana haki.

Kila nikitoka kazini napitia kwa yule muuguzi. Nimemwambia ukweli kwamba si rafiki, ni binti yangu. Ananifundisha kufunga. Nafunga goti langu mwenyewe, halafu yeye anajaribu kupitisha vidole viwili chini ya bandeji. Visipopita ananiambia fungua, anza tena. Siku ya kwanza havikupita hata mara moja. Siku ya pili pia. Mikono yangu haijui kuishia njiani. Bandeji ikiwa imeshatosha, inavuta tena kidogo, yenyewe, kwa mazoea. Muuguzi ananipiga kidogo kwenye kiganja. Jana vilipita. Leo havikupita.

Nikija, nije nikiwa najua. Lakini sitakuja mpaka uniite. Na usiponiita, nitaelewa, na nitaendelea kwenda zahanati.

Baba yako

---

2 Mei

Baba,

Shikamoo. U hali gani? Magoti je?

Nimekuweka sana. Kalamu ilikuwepo, na mama aliniuliza kila siku, lakini nilitaka ungoje. Sasa nimeona inatosha.

Nimetoka wodini. Tuko kwenye chumba changu, mama na mimi na mto. Chiriku analeta habari za dobi kila jioni, na mama, ambaye kwa miaka yote hakupata mtu wa kumsikia nyumbani, amempata. Wanaongea wote kwa pamoja na wanaelewana.

Nimepewa kifaa kigumu cha kushikilia wayo ndani ya kiatu, ili usiburute. Nakwenda mazoezi kila siku. Juzi kidole gumba kilitikisika. Mimi nilikiona na mama alikiona. Mtaalamu wa mazoezi hakuwa amekiona, akasema tusishangilie bado, basi tumekaa nacho kimya. Goti linaunga, lakini wamesema sitaweza kupiga magoti kwa muda mrefu, pengine milele. Kwa hiyo usiniwekee begi la vifaa. Hilo nalo limeniliza, kwa kuwa nilikuwa nimejiambia silitaki.

Mama Filimbi ametuma neno. Kuna mtu mmoja wa kukunja taulo anaacha kazi. Hajaahidi. Amesema tu kigoda bado kipo.

Hasira haijaisha. Kuna siku naamka sina, halafu nainua mguu nione wayo, na inarudi. Nakuambia ili ukija usishangae nikiwa mkali.

Kwa maana nataka uje. Mama anafunga bandeji hii kwa woga mno, ikifika saa sita imeshuka kifundoni kama soksi. Kiti kipo kimoja, nitakikalia mimi. Wewe utakalia ndoo, umezoea. Anza chini, panda juu, polepole. Ukifika mahali imetosha, najua mikono yako itataka kuvuta tena. Ningekuambia "basi", lakini hutasikia.

Kwa hiyo sitasema. Nitakushika mkono, na nikiushika, uishie hapo.

Mwanao,
Spana